Aliyezaa Ndani, Aliyesoma Nje

Karani aliponiambia nirudi Jumatatu, nilimkalisha mwanangu juu ya meza yake. Juu ya meza hasa, katikati ya kitabu cha barua na kidau cha wino. Mwajuma alikuwa na miezi kumi na sita, mzito kama kapu la mihogo, na winda lake nilikuwa sijalibadili tangu tulipotoka nyumbani, mtaa wa Mtanda, hapa Lindi.

"Mshike," nilimwambia. "Ukimwachia ataanguka. Na mimi nipe karatasi."

"Bibi, hapa ni ofisi ya hospitali, si..."

"Nipe karatasi, Bwana Hilari. Jumatatu unayoniambia nimeshakuja. Jumatatu nne nimeshakuja. Leo naandika."

Hakuwa na la kufanya. Mkono mmoja ulishika mtoto, mkono wa pili ulikuwa unaokoa wino. Akanionyesha kwa kidevu mahali zilipo karatasi. Nikavuta kiti cha wageni, ambacho siku zote hizo hakuna aliyenikaribisha kukikalia, nikakaa, nikaandika malalamiko yangu mbele ya macho yake.

Nitawaonyesha nilichoandika, maana nakala ninayo. Lakini kwanza mjue nilifikaje pale.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie nyinyi mnaomaliza darasa la nane maneno ya kutia moyo juu ya kazi ya ukunga, kwa kuwa nimeifanya miaka kumi na sasa nimeiacha. "Mstaafu wetu," ndivyo alivyoniita. Nilikuwa nadhani neno hilo ni la wazee wenye mikongojo. Mimi nina miaka thelathini na mitatu, na mtoto wangu wa nne ananyonya hapa ninapoandika, ndiyo maana mwandiko umelala upande. Ya kutia moyo sina mengi. Nina hasira niliyoanza nayo kazi, na bado haijaisha yote, kwa hiyo nitawagawia.

Ninachotaka mkijue kabla ya kuijua kazi yenyewe ni hiki: mimi sikuanza na ukunga. Nilianza na ualimu, nikausomea mwaka mzima, nikaona si wangu, nikataka kuhama. Ukitaka kuhama masomo baada ya mwaka mmoja, watu wote watakuwa wenye busara ghafla. Hata mwuza maandazi atakuwa na la kukwambia. Mama yangu alisema, "Umeanza kusuka mkeka, unataka kuumaliza kwa ushanga." Shangazi alisema nimerogwa. Mume wangu Selemani, ambaye ni mtu mpole, alisema tu, "Mwaka mzima, Mwanaidi?" akaendelea kula. Swali hilo liliniuma kuliko maneno ya shangazi.

Wakati wetu msichana aliyetoka sekondari hakuulizwa anataka nini. Aliambiwa, wewe mwalimu. Nilikuwa nimeshaolewa na nimeshazaa, lakini chuo cha ualimu kilikuwa kinakosa wanafunzi wa kike, kikakubali wachache wenye waume, tukisoma mchana na kulala makwetu. Asubuhi namwacha mtoto kwa mama, mchana natoroka kumnyonyesha, alasiri nasomeshwa jinsi ya kushika chaki. Jinsi ya kushika chaki tulifundishwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuwaeleza mkaamini.

Na nilikuwa mwalimu mbaya. Siwafichi. Nilikuwa na sauti, basi. Watoto walinyamaza kwa kuniogopa, si kwa kusikiliza. Siku moja nilifundisha somo la usafi, nikawaambia watoto wanawe mikono mara tano kwa siku kwa maji mengi. Msichana mmoja akasimama kwa adabu akaniambia, "Mwalimu, kisimani kwetu ni kwenda na kurudi asubuhi nzima. Nikanawe mara tano, maji ya kupikia achote nani?" Mkaguzi alikuwa amekaa nyuma. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na mimi nilitamani sakafu ifunguke. Mtoto yule alikuwa na haki. Nilikuwa nafundisha maneno ya kitabu kilichoandikwa na mtu mwenye bomba.

Jambo hilo lilinifaa baadaye katika ukunga. Nilipokuwa mkunga sikumwambia mtu "maji mengi" hata siku moja. Nilisema kibuyu kimoja, na nikaonyesha jinsi ya kukimimina kidogo kidogo huku mwingine anasugua kucha. Kucha ndizo adui, wasichana. Mkono unaweza kung'aa kama sahani na uchafu wote ukawa umejificha chini ya kucha. Kata kucha. Mwenye kucha ndefu za kupendeza akafanye kazi nyingine.

Sasa Kiswere. Mwisho wa mwaka ule wa kwanza tulipelekwa mwezi mmoja mmoja kufundisha vijijini kwa majaribio. Mimi nikapangiwa Kiswere, na kwa kuwa sikuweza kumwachisha mtoto ziwa kwa ajili ya majaribio ya serikali, nikapanda lori na Mwajuma mgongoni. Nikapewa chumba kwa Bi Zaituni.

Bi Zaituni alikuwa mkunga wa kijiji. Msimfikirie bibi mpole anayetoa hekima. Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo, anavuta ugoro, na alikuwa na tabia ya kumkagua mtu kuanzia miguuni. Nilipomwamkia, "Shikamoo, bibi," alijibu, "Marahaba," halafu akanitazama viatu, akasema, "Mwalimu ana viatu. Haya. Tutaona kama ana na akili."

Mwaka huohuo hospitali ilikuwa imemleta Kiswere mkunga aliyesomea, msichana wa Kimwera kutoka bara, jina lake Rozina. Mkatoliki, mtulivu, ana sanduku jipya lenye mikasi, pamba, uzi, dawa na sindano, kila kitu mahali pake. Alijua kazi. Nimefanya kazi na wengi tangu siku hizo, na sijaona mikono yenye akili kama ya Rozina. Lakini alikuwa hajaolewa. Kanuni ya hospitali ilitaka hivyo: mwanafunzi wa ukunga awe msichana, hana mume wala mtoto. Wenye kanuni waliona mwenye mume atashika mimba aache kazi, na mwenye mtoto atasinzia wodini.

Mliotoka pwani mnajua kilichofuata. Mliotoka bara niwaeleze. Kwetu, asiyezaa haingii chumba cha uzazi. Si suala la ubaya wa roho. Wanawake wanasema mtu ambaye hajapita njia ile ataogopa atakachokiona, na hofu yake itamwingia mwenye uchungu. Wengine wanasema msichana akiona, naye tumbo lake litakuja kufunga, asizae. Uamini usiamini, mlango ni wao. Hospitali ilisomesha wasichana ambao hawajazaa, ikawapeleka kwa wanawake ambao hawamfungulii mlango asiyezaa. Mwenye kufikiri jambo hilo alifikiri akiwa amekaa Lindi kwenye kiti cha mto.

Siku Fatu, jirani yetu, aliposhikwa na uchungu, ilikuwa saa nne asubuhi, mimi nimerudi kutoka shule kumnyonyesha Mwajuma. Rozina alikuja mbio na sanduku lake. Bi Zaituni alikuwa amesimama mlangoni kwa Fatu, khanga imetandwa nyuma yake.

"Umezaa wangapi, mwanangu?" akamwuliza.

"Sijaolewa, bibi."

"Sikukuuliza ndoa. Nimekuuliza wangapi."

"Hakuna, bibi. Lakini nimesomea."

"Nimeona. Basi kaa hapo, chemsha maji. Kuni zile pale." Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu?"

"Mmoja," nikasema, na huyo mmoja alikuwa kiunoni kwangu, ananyonya ukingo wa khanga.

"Mpe mtu akushikie mtoto, uingie."

Mimi nilikuwa sijui lolote. Nilikuwa nimezaa mara moja, macho nimeyafumba. Niliingia kwa sababu ya Mwajuma, na Rozina aliyejua kila kitu akabaki nje anachochea kuni. Nimewahi kuona upuuzi mwingi katika kazi, lakini ule ndio wa kwanza, na bado sijapata wa kuushinda.

Mtoto alizaliwa bila taabu. Kondo la nyuma likatoka. Wanawake wakaanza kucheka na kutaniana, mmoja akasema mtoto ana masikio ya baba yake, masikini, lakini atasikia vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa ukutani, na kupitia ukuta wa udongo, karibu na sikio langu, nikasikia sauti ya Rozina, ya chini.

"Mwalimu. Anatoka damu?"

"Anatoka."

"Kiasi gani?"

Nikatazama. Sikuwa nimetazama kabla. "Khanga mbili zimelowa. Ya tatu inaanza."

"Weka mkono chini ya kitovu chake. Bonyeza. Unapata kitu kama boga?"

"Napata."

"Gumu au laini?"

"Laini. Kama unga uliokandwa."

"Lisugue. Kwa kuzungusha, kwa nguvu, usimwonee huruma. Mtoto awekwe ziwani sasa hivi. Mwambie akojoe, hapohapo alipo. Usiache kusugua."

Bi Zaituni akasema, "Wewe unaongea na ukuta?"

"Ukuta una akili, bibi," nikamjibu. Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mpeni mtoto ziwa. Bibi, mkojoze."

Fatu alikuwa ameanza kunyamaza vile ambavyo baadaye nilijifunza kuviogopa. Anayepiga kelele ana nguvu. Anayenyamaza, midomo ikapauka, akakwambia anasikia baridi wakati wewe unatoka jasho, huyo mkimbilie. Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadili mkono. Rozina nje ananiuliza, "Sasa?" Mimi ndani nasema, "Bado." "Sasa?" "Bado." Sindano ya kuzuia damu ilikuwa ndani ya sanduku, hatua nne kutoka pale, na mikono iliyojua kuichoma ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Halafu likakaza. Chini ya kiganja changu lile boga, ndio mfuko wa uzazi wenyewe, likajikusanya likawa gumu kama dafu, na damu ikapungua. Nikasema, "Sasa." Nilipotoka nilimkuta Rozina amekaa chini amejiegemeza ukutani, uso ameufunika kwa mikono miwili, na maji yake yanachemka yenyewe.

Bi Zaituni alitoka nyuma yangu. Akamtazama Rozina kuanzia miguuni. Akatoa ugoro wake, akavuta.

"Huyu msichana anajua," akasema. "Mwambieni akazae, arudi."

Baadaye siku ile nilimwona Rozina akijaza kitabu cha hospitali. Aliandika: mzazi mmoja, mtoto mmoja, salama. Nikamwuliza kwa nini haandiki kwamba alikuwa nje.

"Dada," akasema, "nikiandika nilikuwa nje, wataona sina faida, watanirudisha. Wakinirudisha, hata nje hapatakuwa na mtu."

Hapo ndipo nilipohama masomo. Nasema hapo, kwa sababu mengine yote yaliyofuata yalikuwa karatasi.

Nilirudi Lindi nikaenda kwa Bibi Mkuu wa chuo, Mzungu mwenye sauti laini. Nikamwambia nataka kuacha ualimu niingie ukunga. Akasema ni huzuni kupoteza mwaka. Nikamwambia sikuupoteza, najua ulipo, uko Kiswere. Hakunielewa. Akasema hawezi kunipa barua ya kuniachia mpaka hospitali iandike kwamba imenipokea. Nikaenda hospitali. Bwana Hilari, karani, akasema hospitali haiwezi kunipokea mpaka chuo kiandike kwamba kimeniachia. Nikarudi chuoni. Nikarudi hospitali. Kutoka chuoni mpaka hospitali ni mteremko, na kurudi ni mlima, na mtoto yuko mgongoni. Viatu ambavyo Bi Zaituni alivisifu vilikwisha soli katika safari hizo.

Jumatatu ya pili Bwana Hilari akakumbuka kwamba pia inatakiwa barua ya mume. Selemani akaandika. Aliandika kwa moyo mzuri, ukurasa mzima, akanisifu mapishi. Bwana Hilari akaisoma yote, akaniuliza, "Hivi kweli wali wako wa nazi uko hivi?" halafu akasema barua haifai kwa kuwa haikutaja neno "ruhusa". Jumatatu ya tatu nikaleta nyingine yenye neno "ruhusa" mara tatu. Akasema vizuri, sasa imebaki kanuni yenyewe.

"Kanuni gani?"

"Mwanafunzi awe hajaolewa wala hajazaa."

"Bwana Hilari, uliniomba barua ya mume. Mwenye barua ya mume ataachaje kuwa na mume?"

Alifikiri. Ninampa haki yake, alifikiri kweli. Akasema, "Hizo ni karatasi mbili tofauti, Mama Mwajuma."

Sasa nyinyi mtakaohama masomo, na mtahama, maana mtu wa miaka kumi na sita hawezi kujua atakachokipenda akiwa na ishirini, jifunzeni kwangu. Kila ukiambiwa jambo ofisini, uliza, "Naomba uniandikie." Asilimia kubwa ya kanuni hufa hapo. Aliyekuwa na kanuni mdomoni hugundua hana kalamu. Mimi nilichelewa kulijua hilo majuma manne. Na beba chakula. Mtu mwenye njaa hukubali kurudi Jumatatu.

Kazi yenyewe ilinifundisha mengine, na hayo ndiyo aliyoyataka mwalimu wenu, kwa hiyo nimpe kidogo. Uchungu ukikawia, kwetu wanawake hufungua mafundo yote ya nyumba: nywele za mzazi, kamba za kitanda, makasha, milango. Mimi nikiwa mgeni wa kazi nilidharau. Nilikuwa nimechemsha nguo na uzi na pamba, nikavifunga vizuri kwa fundo. Nikatoka kwenda kunawa. Nilirudi nikakuta wamefungua kila kitu, pamoja na kifurushi changu, pamba imetandazwa mkekani, na mbuzi, ambao nao walifunguliwa kamba, mmoja anatafuna ukurasa wa kitabu changu cha hospitali. Nilifoka sana. Mama mkwe wa mzazi akaniambia, "Mwanangu, ulimfunga mwenyewe huyu mtoto, na unatugombeza sisi tuliomfungua." Tangu siku hiyo vifurushi vyangu niliviviringisha nikavibana kwa pini. Hakuna fundo, hakuna wa kufungua. Nilipomweleza sista mkuu wa wodi, alicheka, kisha mwezi uliofuata nikaona wodi nzima wanatumia pini.

Na kule Sudi mizani ya hospitali ilivunjika, nikaazima ya mwuza samaki kumpima mtoto. Nilidhani nimefanya akili. Bibi yake alinipokonya mtoto mikononi. "Mjukuu wangu si pweza," akasema, na kwa siku tatu hakuna aliyeniitikia salamu mtaa ule. Kwa hiyo mizani mkiazima, iosheni kwa ndimu, ifunikeni kitambaa, na mseme imetoka hospitali. Mungu atanisamehe uongo huo.

Rozina na mimi tulifanya kazi pamoja Kiswere kwa muda mrefu, mimi ndani naye nje, ukuta katikati, mpaka nilipoweza bila sauti yake. Kisha akaolewa na mwalimu wa misheni. Alipozaa, Bi Zaituni ndiye aliyemzalisha, na siku Rozina alipokuja mara ya kwanza baada ya hapo na sanduku lake kwenye nyumba ya mzazi, bibi yule alimpisha mlangoni bila kumwuliza kitu. Lakini hayo ni ya baadaye, na hayakuja kwa hisani ya mtu. Yalikuja kwa karatasi niliyoiandika asubuhi ile, Bwana Hilari akiwa ameshika mwanangu kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

Alikuwa akichungulia begani kwangu, anasoma. Nilipoandika mstari wa pili akasema, "Bibi, hivyo sivyo tunavyoandika kwa wakubwa."

"Nyinyi mnaandikaje?"

"Tunaanza kwa kushukuru."

"Nikishukuru nini?"

Akamhamishia mtoto mkono wa pili. Nikaendelea. Habari iliyonifikia kutoka Kiswere asubuhi ile, iliyonifanya niondoke nyumbani bila kubadili winda la mtoto, imo ndani ya barua. Sitaki kuiandika mara mbili. Someni.

*Kwa Bwana Mganga Mkuu wa Jimbo, Lindi. Nakala kwa Bwana Shauri wa Wilaya.*

*Bwana,*

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwaka wa kwanza nimeumaliza. Naleta malalamiko juu ya kanuni inayokataza mwanamke aliyezaa kusomea ukunga, na juu ya kuzungushwa kati ya chuo na hospitali majuma manne, kila ofisi ikingoja barua ya mwenziwe.*

*Mwezi uliopita nilikuwa Kiswere. Mkunga wa hospitali aliyeko kule anajua kazi yake kuliko mtu yeyote niliyemwona. Haingii chumbani kwa sababu hajazaa. Kitabu chake kinasema wazazi wako salama, na ninamwomba Bwana asimwadhibu kwa hilo, kwani aliyemfundisha kazi ndiye aliyemnyima mlango. Siku niliyokuwepo alinielekeza kupitia ukuta, nikafanya kwa mikono yangu, na mwanamke akapona.*

*Leo asubuhi dereva wa lori ameniletea habari kwamba juzi alijifungua mwanamke mwingine, jina lake Asha binti Mfaume. Damu ilitoka vilevile. Mkunga alikuwa nje vilevile, akiita kupitia ukuta. Mkunga wa kijiji hakuwepo; wa ndani walikuwa watatu, wote wamezaa, hakuna aliyejua maana ya anayoyasema, na mmoja akamwambia anyamaze asimtishe mgonjwa. Asha amekufa kabla ya adhuhuri. Mtoto yu hai na analelewa na jirani. Saa hiyo mimi nilikuwa darasani hapa Lindi, nafundishwa kuandika herufi kubwa ubaoni.*

*Sidai kwamba ningemwokoa. Nadai kwamba ningeingia.*

*Naomba mambo mawili. La kwanza, nihamishwe kutoka ualimu kwenda ukunga, na chuo na hospitali waandikiane wenyewe. La pili, nisingoje kwanza nafasi ya wodini. Nipelekwe Kiswere sasa, nijifunze kwa mkunga aliyeko, yeye akiwa nje na mimi ndani, mpaka niweze.*

*Kama kanuni haiwezi kubadilika, naomba nijibiwe kwa maandishi, na aliyejibu atie jina lake.*

*Mkunga wa kijiji amenitumia salamu kwamba wapo wanawake wanne ambao siku zao hazitavuka mwezi huu. Majina yao nimeyaandika nyuma ya karatasi hii, ili Bwana akikataa, ajue amewakatalia akina nani.*

*Wako mtiifu,*
*Mwanaidi binti Salum,*
*mama wa mtoto mmoja.*